Kukaa Msibani kwa Filomena

...na lori la Dar halimsubiri mtu, matenga yangu ya nyanya yako pale barabarani yanapikwa na jua, mimi huku nimenyoosha miguu mkekani kama mwali, asubuhi nzima sijashika hata kijiko, mikono inaniwasha, nimechukua ungo nichambue mchele wameninyang'anya, bibi wewe kaa na mwenzako, kaa, kaa, kukaa nako ni kazi?... Filomena jana tumemzika mumewe, Severin wa watu, hajalia, hajala, kashika pindo la khanga yangu basi, marehemu mama angenikuta hivi angenirushia mwiko, we Magdalena umeota mizizi?, nimelima matuta ya Mgeta mpaka mgongo umepinda na bado nikilala najiona mvivu, nani ananidai sijui... na tangu serikali iseme ruksa kila mtu kufanya biashara ndiyo balaa, kila mtu mchuuzi, msibani wanapita kama sokoni, huyu Joyce wa mitumba, mjukuu wa dada yangu, hata kandambili hajavua, shikamoo bibi, marahaba, poleni jamani, mimi nawahi gulio, halafu ananiinamia sikioni, bibi, utingo wa lori anauliza matenga ya nani, wanapakia sasa hivi... zisipopanda leo ni za kumwaga, msimu mzima chini, nakusanya magoti, natoka kidogo tu, nyumba imejaa wanawake nani ataniona... pindo limekaza. Filomena kafungua mdomo, neno la kwanza tangu makaburini, nenda Magdalena, nyanya zitaoza, sauti kavu kama pumba, nenda, na vidole havilegei, mdomo unaniruhusu mkono unakataa, mwongo wewe, toka usichana wetu mwongo... wote hawa wana mikono, maji yanatekwa, kuni zinapasuliwa, ugali utasongwa, lakini hakuna aliyeshikwa pindo ila mimi, hapa hawezi kukaa mwingine... Joyce ananivuta bega, bibi vipi, lori hilo!, niache, nitalima nyanya nyingine, bibi umechanganyikiwa?, vua kandambili ukae, au toka... honi inalia, inalia tena, nyanya zile nimezitekea maji kiangazi chote, ila magoti yameshalala, lori linashuka, nalisikia kila kona, na pumzi za Filomena nazisikia pia, kaniegemea, mzito huyu, bado hajalia, asilie kama hataki, egemea, mimi leo sina pa kwenda...