Panya Hawakupona

Asubuhi ile ya mwaka 1984, Evarista alipofungua chumba cha maabara ya mifugo pale Karatu, alikuta panya wanakufa. Wale waliochomwa virusi vya kichaa cha mbwa bila dawa, alitarajia wafe. Lakini hata wale ambao virusi vyao vilichanganywa na maji ya mizizi walikuwa wanaburuta miguu ya nyuma, manyoya yamesimama. Dawa haikufanya kazi.

Mizizi ile alipewa na Nareyu, mganga wa kijiji cha Enguserosambu, ng'ambo ya kreta. Siku ya kumkabidhi mizizi, Nareyu alimwambia kwa furaha, "Hata mwanangu Meitamei ameng'atwa na mbwa wa porini. Nimemnywesha hii, kidonda kimefunga." Evarista alimsihi ampeleke hospitali akachomwe sindano. Nareyu alicheka tu.

"Clemensi, washa gari," alimwambia dereva. "Twende Enguserosambu."

Clemensi aliwatazama wale panya, akachukua funguo. Ukungu ulikuwa umefunika ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, wakapanda polepole huku taa zinawaka. Evarista alisali rozari, akapotea katikati, akaanza upya. Aliwahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa, mkulima wa Mbulu. Kiu ilimtesa, lakini kila akisogezewa maji koo lilikaza, akapiga kelele. Ugonjwa ukifika hapo hakuna daktari wa kuuzuia.

Bomani kwa Nareyu walimkuta Meitamei kando ya zizi, amejifunika shuka, anatetemeka.

"Ana nini?" Evarista akauliza.

"Homa tu," Nareyu akajibu. "Tangu jana."

"Yeyo, mama yangu," Evarista akamwambia, "naomba maji. Mpe yeye."

Nareyu akaleta kikombe cha bati. Meitamei alikishika, akakitazama. Koo lake likapanda na kushuka. Kijana akanywa, akameza, akamaliza yote, akaomba mengine.

"Yeyo," Evarista akasema, "mizizi haikumponya panya hata mmoja."

"Na watu niliowatibu wakapona?"

"Labda mbwa waliowauma hawakuwa na ugonjwa. Sijui. Ila huyu bado tunaweza kumuwahi."

"Nilimnywesha mimi mwenyewe," Nareyu alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamwinua mwanawe, akamkokota mpaka kwenye gari.

Hospitalini homa ilionekana kuwa malaria tu. Sindano za kichaa cha mbwa alichomwa tumboni, siku baada ya siku, na Nareyu alikaa sakafuni kando ya kitanda, akimchungulia usoni kila alipofumbua macho. Miezi ikapita, Meitamei akarudi kwa ng'ombe wake. Kama mbwa yule alikuwa mgonjwa, hakuna aliyejua.

Kiangazi kilichofuata, mwanamume wa kijiji cha Soitsambu alifika kwa Nareyu kutaka mizizi, mguu wake ulioumwa na mbwa umefungwa kitambaa chenye damu. Nareyu hakuuliza mbwa alikuwa wa nani. Alijitanda shuka, akatangulia kwenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali, akigeuka nyuma kila mara kumhimiza, "Fanya haraka! Fanya haraka!"