Bango Dirishani kwa Mama Pindo

"Basi niambie wewe uliyesoma, nitatungaje uzi kwenye sindano gizani?"

Mama Pindo alikuwa amesimama uani, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni, mkono mmoja kiunoni na mwingine umelinyooshea kidole dirisha lake. Tangu asubuhi dirisha hilo lilikuwa limezibwa na bango kubwa la turubai la rangi ya bluu.

"Sare za watoto wa watu zinatakiwa jioni hii," aliendelea. "Nishone kwa kupapasa?"

Jirani yake, ng'ambo ya ukuta mfupi unaotenganisha nyumba zao, alijibu kwa ile sauti ya upole inayoudhi kuliko matusi. Bango lingekaa mpaka kongamano liishe tu, si zaidi. Nyumba ya Mama Pindo ndiyo iliyo kwenye kona ya kukatia kwenda chuoni, wageni wasipoliona watapotea. Isitoshe, vijana waliolifunga walimhakikishia kuwa ruhusa iliombwa.

"Iliombwa kwa nani? Kwa dirisha?"

Waliojikusanya barabarani wakaangua kicheko. Katikati yao alikuwapo Redio, dereva mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu habari ikimfikia yeye, mtaa mzima umeipata. Redio alijikohoza, akasoma bango kama msoma taarifa ya habari: KARIBUNI WAGENI WETU. Akasema yeye amezoea kusikia mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya mgeni njoo, mwenyeji afungiwe gizani, hiyo ameiona leo.

Jirani mwenyewe mtaa ulimwita Daktari, ingawa hakuwa wa sindano wala vidonge. Alipohamia tu, bibi mmoja alimpelekea goti lake linalouma, akarudi nalo vilevile. Alikuwa mwalimu wa chuo, somo lake sera za utamaduni, ambalo Redio aliwatafsiria watu hivi: serikali ifanye nini na ngoma, maktaba, sinema na watu wasioweza kukaa bila kuimba. Watafiti wa mambo hayo walikuwa wanakuja kutoka kila pembe ya dunia, na Daktari ndiye aliyepigania kongamano lao lije hapa. Kesho asubuhi lingefunguliwa.

Mama Pindo alizijua habari hizo kwa kinywa cha Redio, si cha mwenye kongamano, na hapo ndipo palipomuuma. Bango lilikuwa kisingizio. Miaka yote waliyogusana ukuta, huyu mwanamke hakuwahi kutia mguu kwake. Ni salamu juu ya ukuta, kisha geti linafungwa. Mama Pindo alipowaoza mabinti zake, Daktari alituma zawadi imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, mwenyewe asionekane. Mabinti wakaenda kwa waume zao, mtoto wa mwisho akapata kazi mbali, na nyumba ambayo watu walikuwa wakila wamesimama kwa kukosa pa kukaa ikabaki na vyumba vya magodoro matupu. Kila wiki aliyatoa akayaanika juani, kwa ajili ya mgeni asiyemjua. Sufuria nayo alipika ileile kubwa, mkono ulishazoea.

Alikuwa anajiandaa kurusha dongo jingine pale simu ya Daktari ilipolia.

Daktari alisikiliza. Akauliza, "Yote?" Akasikiliza tena. Kisha, na suti yake iliyonyooshwa mpaka ikang'aa, akajikalisha kwenye ngazi ya mlango wake, juu ya vumbi.

Hakuna aliyewahi kumwona Daktari ameketi ngazini. Hata kicheko kilikatika. Redio, ambaye aibu haijawahi kumtembelea, ndiye aliyeuliza kulikoni.

Bomba lilikuwa limepasuka darini mwa bweni la chuo. Maji yamemwagika usiku kucha, vitanda vimelowa, magodoro yamekuwa kama sponji. Humo ndimo walimokuwa walale watafiti vijana wasiomudu hoteli, na alasiri hiyohiyo walikuwa wanatua. Hata angepata pesa, hoteli zote zilikwisha kujaa wakubwa wa kongamano lenyewe.

"Walisema hatutaweza," alisema Daktari, bila kumwangalia yeyote. "Walisema chuo kidogo, mji mdogo, wapelekwe kwingine. Nikawaambia, njooni, sisi tunajua kupokea watu."

Redio alimtazama Mama Pindo. Mtaa nao ukamtazama Mama Pindo. Mama Pindo akatazama mawingu.

"Kuna watu wana vyumba," alisema Redio, kana kwamba anaongea na kiatu chake.

Daktari aliinuka, akapangusa macho, akasogea ukutani. Na hapo ndipo alipoharibu. Maneno yalimtoka kama yuko mbele ya meza ndefu yenye chupa za maji: kamati iko tayari kuingia mkataba wa malazi na Mama Pindo, malipo kwa kila mgeni kwa kila usiku, na risiti zitatolewa.

Mama Pindo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba yangu si gesti," alisema, akaingia ndani.

Mlango hakuufunga. Hajawahi kuufunga mchana, na leo ndio ulikuwa mwanga wake pekee. Akaketi kwenye cherehani, akashika kola ya sare, akaiweka. Alijiambia hana kosa. Akajiambia tena, maana mara ya kwanza haikuingia. Watoto wa watu, wametoka kwao na mabegi yao, walale wapi? Wanawe nao wako mbali, na huko waliko kuna mtu aliwafungulia mlango. Lakini kuombwa kwa risiti, kama duka?

Akasikia turubai likichakarisha. Ufito wa mwanga ukapenya juu ya dirisha, ukaangukia cherehani. Ukapanuka. Kisha kikatokea kichwa cha Daktari, nywele zimetimka, fundo la kamba likiwa katikati ya meno yake. Alikuwa amepanda kigoda cha jikoni na viatu vyake vya visigino. Wanawake wawili wakatazamana kupitia dirishani, mmoja na kamba mdomoni, mwingine na pini mdomoni.

Turubai likaanguka, chumba kikajaa jua.

Baada ya hapo Daktari alizunguka, akaja kusimama mlangoni, nje ya kizingiti, bango limekunjwa mikononi mwake kama mtoto aliyelala.

"Dada," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Sina pa kuwalaza wageni wangu. Nisaidie."

Mama Pindo akatema pini kiganjani. Hasira yake ilikuwa imeshayeyuka, ila hakutaka iondoke bila kuaga.

"Miaka yote hii hujawahi kuingia humu."

"Hujawahi kunialika."

"Mlango huu umewahi kuuona umefungwa?"

"Sijawahi." Daktari alilikumbatia bango lake. "Lakini mimi nimelelewa hivyo, dada. Huingii kwa mtu mpaka uitwe. Watoto walipokuwapo, nikisikia mnavyocheka humu jioni, nilikuwa nazima redio yangu nisikilize."

Mama Pindo akazichomeka pini moja moja kwenye kimto chake. Kumbe siku zote alizomwita mwenye maringo, mwenzake alikuwa upande wa pili wa ukuta anasubiri neno ambalo yeye alidhani mlango ulishalisema kila asubuhi.

"Na mimi nimelelewa kwamba mlango wazi ndio mwaliko," alisema taratibu.

Nje, Redio alikohoa kikohozi cha mtu anayeomba waongeze sauti.

Mama Pindo akamwita kwa jina lake la mtaani. Akamwambia vyumba vyake vyote vina wageni kuanzia leo, na watakaozidi wagawanywe kwa majirani, akianza na chumba cha Redio mwenyewe, kile anachofugia magazeti ya zamani. Na huko kwingine asiseme neno pesa, jambo lisije likaharibika mara ya pili. Redio hakungoja amalizie. Walisikia ndara zake zikikimbia, na sauti yake ikibisha mlango wa kwanza.

Daktari alifungua mdomo kushukuru. Mama Pindo akamnyamazisha kwa kiganja.

"Ngoja kwanza. Mwenyeji wao ni wewe, si mimi. Wakifika hapa watakuuliza wewe choo kiko wapi. Kiko wapi?"

Daktari alichungulia ukumbi, milango yote ikafanana.

"Sijui."

"Na maji ya kuoga tunachota wapi?"

"Sijui, dada."

"Sasa utamkaribishaje mtu kwenye nyumba usiyoijua?"

Alikwenda jikoni. Mfuniko ukalia, harufu ya mchuzi ikatangulia mpaka mlangoni, na aliporudi alikuwa na sahani mbili mkononi na vijiko juu yake. Daktari alikuwa bado palepale, ncha za viatu zimegusa kizingiti, hazijakivuka.

"Hilo bango liweke hapo," alisema Mama Pindo. "Vua viatu uingie. Tule kwanza, chakula kipo cha kutosha, kisha nitakuzungusha nyumba nzima."