Mijusi wa Ghorofa ya Tatu

Miti yote ya uani mwa chuo ilikatwa, likajengwa jengo la vioo. Mijusi waliozoea magome wakahamia ukutani. Wengi walikufa, wachache wakapona. Mtafiti mmoja wa wanyama, binti mwenye miwani mizito, alitaka kujua waliopona wameponea nini. Alidhani ni vidole: mwenye vidole vipana hung'ang'ania kioo, mwenye vyembamba huteleza, kunguru akamla. Anayebaki ndiye anayezaa, na watoto hurithi vidole vyake.

Mimi nilikuwa napita tu. Nimesoma shule nne bila kumaliza hata moja, lakini kukamata mjusi kwa kitanzi cha uzi kwenye fimbo najua. Akanipa kazi na ngazi ndefu ya kufikia vioo vya juu.

Nikamletea sitini. Aliwapima vidole kwa lenzi, akawaachia, kisha akalinganisha na vipimo vya mijusi wa mitini alivyochukua kabla misumeno haijaja.

"Vilevile," akasema. "Miaka miwili, babu, na vidole ni vilevile! Kesho naandika kwamba nilikosea."

Nikasema, "Mjukuu wangu, wale wote niliwakamata chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye sementi ya msingi. Fimbo inapofika."

"Si ulisema unapanda ngazi?"

"Nilisema."

"Ukapanda?"

"Kwa magoti haya? Kitanda chenyewe nakipanda kwa kubembeleza."

Hakucheka. "Sementi ina mikwaruzo, hata mimi ningeng'ang'ania! Waliobadilika wako juu kwenye vioo, wewe unaniokotea wa chini! Mtu mzima ovyo, unadanganya kama mtoto wa chekechea."

"Ningekwambia kweli ungeniajiri?"

"Nisingekuajiri."

"Haya basi."

Alininyang'anya fimbo, akaburuta ngazi hadi ukutani, akaniamuru niishike. Akapanda mpaka usawa wa ghorofa ya tatu. Saa tatu nzima nilitazama soli za viatu vyake. Alishuka na mijusi kumi na mmoja mfukoni, akawapima. Tisa walikuwa na vidole vipana kupita wa mitini. Wawili, vya kawaida.

Ile karatasi ya kukiri kosa hakuiandika. Lakini hakushangilia pia.

"Kumi na mmoja si kitu," akasema, mguu mmoja tayari kwenye ngazi. "Bado arobaini na tisa. Shika vizuri, babu. Mimi sina vidole vyao."