Breki Zilikuwa Nzima

Kinyozi gani anafunga kibanda Jumamosi? Watu wote walimuuliza shemeji yangu swali hilo, kuanzia wateja hadi mwenye nyumba, naye akawajibu akiwa na mkasi mkononi: "Yule anayetaka kuishi." Jumamosi ndiyo siku ambayo wanaume wote wanakumbuka kwamba wana nywele, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli. Dada yangu alilalamika miaka miwili ya mwanzo ya ndoa, kisha akachoka. Akawa anatuchemshia mayai ya njiani na kutuambia tukirudi na matope tuingilie mlango wa nyuma.

Tulikuwa wanne. Shemeji alikuwa mbele siku zote, maana yeye ndiye aliyezijua njia. Mimi nilimfuata, nafundisha hesabu, na ni mimi niliyebeba spana na viraka vya pancha. Nyuma yangu alikuwa Sista, nesi wa wodi ya watoto, mwanamke mwembamba anayeendesha baiskeli kama mtu anayefukuzwa. Wa mwisho alikuwa Bonge, mwoka mikate. Bonge alichelewa kila Jumamosi, na kila Jumamosi tulimsamehe kwa sababu mkoba wake ulinukia mkate wa moto.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa mbili mji ulikuwa umeishia nyuma na lami nayo imekata, tukawa kwenye vile vijia vya mashambani, ua huku na ua huku, mbwa wa watu wakitusindikiza hadi mpaka wa shamba lao na kurudi wakiwa wameridhika. Tulikwenda kilomita themanini, mia, siku nyingine mia na ishirini. Shemeji alipiga mluzi akiona shimo. Akipiga mara mbili, ni ng'ombe. Mara tatu alipiga siku moja tu, tulipokutana na mwalimu mkuu wangu akioga mtoni.

Siku mambo yalipoanza hapakuwa na dalili yoyote. Kulikuwa na mteremko mrefu unaoshuka hadi kwenye daraja la mbao, na kabla ya daraja kuna kona. Tuliujua ule mteremko kama ngazi za nyumbani. Nilimwona shemeji akishuka, nikangoja apunguze mwendo, hakupunguza. Alipita kona kama haipo, akaingia moja kwa moja kwenye ua wa miiba.

Alitoka mwenyewe, miiba hadi masikioni, anacheka. "Breki zimekata, jamani!"

Bonge alicheka mpaka akakaa chini. Sista alianza kumtoa miiba mmoja mmoja akimgombeza. Mimi nikainua baiskeli, nikazungusha gurudumu la nyuma, nikabana breki. Likasimama palepale. La mbele, hivyo hivyo. Nilirudia mara tatu. Breki zilikuwa nzima, tena kali.

Nikamtazama. Alikuwa amegeuka pembeni, anafungua na kufumba mkono wa kulia polepole, kama mtu aliyeazimwa kifaa na hajui kama kitamfaa.

"Kaza kidogo tu, shemeji," akaniambia bila kuniangalia. "Tuendelee."

Nikatoa spana, nikakaza kitu kisichohitaji kukazwa.

Miezi miwili iliyofuata niliona mengi. Nilimwona akifungua chupa ya maji kwa meno. Nilimwona akibadilisha giya kwa kusukuma na kiganja badala ya kidole. Siku moja nilikwenda kunyolewa, nikamkuta anashika mashine kwa mkono wa kushoto.

"Umekuwa wa kushoto lini?" nikamuuliza kwenye kioo.

"Najifunza. Mtu akizeeka ajifunze kitu." Kisha akainama karibu na sikio langu. "Usimwambie dada yako. Unamjua. Kesho yake baiskeli iko darini na ufunguo kaumeza. Ni uchovu tu, shemeji. Kusimama siku nzima."

Nikamkubalia. Nilijiambia ni mtu mzima, mwili ni wake, na mambo ya mume na mke si ya kuingilia. Nilijiambia maneno mengi ya busara. Ukweli ni kwamba bila yeye mbele hakukuwa na Jumamosi, na mimi wiki nzima niliishi kwa ajili ya siku hiyo moja.

Alianguka mwezi wa tatu, baada ya mvua, kwenye njia ya udongo mwekundu. Hata hatukuwa na kasi. Usukani ulimponyoka tu, akaenda chini kwa bega, tukasikia mfupa ukivunjika. Sista alimfikia kabla sijashuka. Akafunga mkono wake kifuani kwa koti la mvua, haraka, huku akimwongelesha kama anavyowaongelesha watoto wa wodini. "Mtulinga huo, mfupa wa begani tu. Mtulinga unaunga wenyewe, usiogope. Nipe mkono huu niangalie mapigo."

Akaushika mkono wa kulia.

Aliugeuza kwenye mwanga. Pale kati ya kidole gumba na cha shahada, palipojaa nyama kwa mtu yeyote, kwake palikuwa na shimo. Akapandisha mkono wa shati. Ngozi ya kigasha ilikuwa inachezacheza yenyewe, kama kuna wadudu wanatembea chini yake.

"Hii imeanza lini?"

Shemeji alinitazama mimi. Sista akafuata macho yake.

"Mwalimu? Wewe ulijua?"

Nikawasimulia habari za breki. Bonge, aliyekuwa amesimama na baiskeli mbili mikononi, akasema taratibu, "Lakini tulicheka siku ile." Gari la kukusanya maziwa likapita, likawachukua shemeji na Sista, wakakaa nyuma kati ya makopo.

Dada yangu nilimkuta kwenye ukumbi wa hospitali, kwenye benchi, mkoba magotini. Alikuwa ameshaongea na Sista.

"Ulijua," akasema.

"Nilidhani ni uchovu, dada."

"Hukudhani chochote. Ulinyamaza."

Vipimo vilichukua wiki nyingi. Mtulinga uliunga, kama Sista alivyosema, na katika muda huohuo mkono wa kushoto nao ukaanza. Walimchoma sindano ndani ya misuli na kusikiliza umeme wake kwenye mashine. Walimpiga picha za shingo na za kichwa. Mwishowe daktari alituita wote watatu, akafunga mlango, akakaa upande wetu wa meza, na hapo nikajua. Alisema mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli inakufa, na misuli isiyoamriwa inakauka. Itakuwa mikono, kisha miguu, kisha kumeza na kuongea, na mwisho pumzi. Akili itabaki nzima.

"Dawa?" dada akauliza.

"Ya kuponya hakuna, mama. Nisikudanganye."

Shemeji akauliza kitu kimoja tu. "Muda gani?"

"Miaka miwili. Mitatu, kwa wengine."

Nilisubiri wawili hao watoke, nikabaki na daktari mlangoni. Nikamuuliza kama ile miezi miwili ingesaidia, kama angeletwa mapema. Akasema hapana, isingebadilisha kitu. Nikalishika neno lile kama mtu aliyepewa maji jangwani. Jioni ile nikampelekea dada yangu jikoni, nikidhani namletea nafuu.

Alikuwa anakata vitunguu. Aliendelea kukata mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo unataka nikushukuru?"

"Hapana, dada, nasema tu kwamba..."

"Miezi miwili ile ilikuwa yangu," akasema. "Hakuwa ameanza kuanguka. Alikuwa bado anaweza kunishika mkono. Ningejua, ningemwomba Jumamosi moja. Moja tu. Nyinyi mlizichukua zote." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaugeukia ubao wake wa kukatia. "Sasa nenda. Nina mgonjwa."

Kibanda kilifungwa mwezi wa saba. Mtu wa simu za mkononi alikichukua, akapaka ukuta rangi ya njano.

Wazo la baiskeli ya watu wawili lilikuwa la Bonge. Alipata fundi wa kuchomelea, wakaunganisha fremu mbili kuwa moja, viti viwili, pedeli mbili, na mnyororo mrefu unaozifunga pedeli za nyuma na za mbele zizunguke pamoja. Kwenye kiti cha nyuma waliweka egemeo na mkanda. Tuliisukuma hadi nyumbani kwao, Bonge akiwa amevaa shati safi kama anakwenda kuposa. Tulimtazama dada, naye alimtazama mumewe. Shemeji alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile hatukuwa tumeliona kwa miezi. Dada akaingia ndani, akaleta sweta.

Tulipanga kilomita arobaini, kwenda na kurudi. Sista alikaa ubavuni mwetu muda wote. Asubuhi ilikuwa nzuri, hilo sitalikana. Shemeji alikuwa nyuma yangu ananielekeza: kushoto kwenye kisima, usipite kwa yule mwenye mbuzi, ana maneno mengi. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, lakini nilimwelewa. Bonge alituimbia. Nikaanza kupiga hesabu za kijinga kichwani, kwamba kama tunaweza arobaini leo, mwezi ujao ni hamsini.

Kisha ukaja mlima wa kuelekea kituo cha maziwa. Si mlima mkubwa. Nilisimama kwenye pedeli nikasukuma, na hapo nikahisi uzito wote. Miguu yake ilizunguka, niliisikia ikizunguka, lakini ilizungushwa na yangu. Nyuma hapakuwa na mtu anayesukuma.

"Nakusaidia?" akauliza.

"Unanisaidia sana, shemeji."

Tukapanda kidogo. Nilikuwa nahema, jasho linaniingia machoni.

"Usinidanganye," akasema nyuma yangu, polepole, akitafuta kila neno. "Nausikia mnyororo. Umelegea upande wangu."

Nikaendelea kusukuma.

"Simama, shemeji. Nishushe."

Tulimshusha, tukamkalisha kwenye nyasi. Shingo ilikuwa imemchoka, kichwa kikiangukia mbele, Sista akakaa nyuma yake akakishika kwa mikono miwili. Hatukufika kituo cha maziwa. Bonge alisimamisha gari la mchanga, tukarudi nalo, na njiani hakuna aliyeimba.

Tulipomfikisha mlangoni, akatuita karibu.

"Msije Jumamosi tena," akasema. "Njooni siku nyingine. Jumamosi... nikisikia matairi pale nje..." Dada akamgeuza, akamwingiza ndani.

Tulitii. Wiki ya kwanza sisi watatu tulikutana pale pa siku zote, tukaenda kilomita kumi na tano, tukapotea. Ni njia tulizopita miaka minane, na hakuna kati yetu aliyewahi kuziangalia, kwa kuwa kila mmoja aliangalia gurudumu la aliye mbele. Wiki ya pili Bonge alisema tanuri lina shida. Wiki ya tatu Sista alibadilishiwa zamu, au aliomba abadilishiwe, sikumuuliza. Mimi nilitoka peke yangu mara moja, nikafika lami inapoishia, nikageuza.

Sasa nakwenda Jumanne, baada ya vipindi. Hawezi tena kuongea. Yuko kwenye kitanda walichokileta sebuleni, karibu na dirisha, na kuna mashine ndogo inayomsaidia kuvuta hewa. Anakodoa macho kusema ndiyo, hapana anafumba. Akili iko palepale, kama daktari alivyosema. Nikimsimulia upuuzi wa wanafunzi wangu, naona macho yakicheka, halafu naona yakichoka.

Dada hanifukuzi. Ananiambia ya lazima: mgeuze hivi, shika hapa, mto uko juu mno. Bonge huacha mkate mlangoni na kwenda zake. Sista ndiye aliyetufundisha kumsafisha koo.

Jumanne iliyopita dada alikuwa jikoni, tukabaki wawili. Nikavuta kiti. Nilikuwa nimelibeba lile jambo mwaka na nusu. Nikamwambia kwamba nilipaswa kusema siku ile ile, kule kwenye mteremko, na kwamba nilinyamaza kwa faida yangu. Nikamuuliza kama ananilaumu.

Alinitazama. Macho yalikuwa wazi, yametulia, hayakukodoa wala hayakufumba. Nikangoja. Nikamuuliza tena, kwa maneno mengine. Machozi yakaanza kumtoka, yakaingia sikioni, na mkono wa kuyafuta hana.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji mwepesi, sijui tangu lini.

"Usimuulize mambo hayo," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Inamchosha, na bado hajala."

Akanipa kitambaa. Nikamfuta shemeji uso, nikampitisha mkono chini ya shingo, nikamwinua kichwa kama nilivyofundishwa, naye dada akaanza kumlisha, kijiko kimoja, kisha kungoja, kisha kingine.