Nguzo ya Akina Chiguay

Kanisa letu hapa kisiwani Chiloé lina nguzo kumi na mbili, na kila nguzo ina wenyewe. Zamani, kijiji kilipolijenga kwa kusaidiana, kila ukoo ulileta gogo lenye alama yake, na mpaka leo watu husali karibu na nguzo yao. Akina Chiguay hawana nguzo. Bi Edelmira, wa mwisho wao, amekalia benchi la mlangoni miaka sabini, upepo ukimpiga mgongoni.

Paa lilipoanza kuvuja, nilipewa kazi mimi. Bi Edelmira alinijia na mkate wa viazi, akauliza kama nitazifungua mbao zinazofunika nguzo. Babu yake aliapa kwamba walitoa mti mrefu kuliko yote. Alitaka kujua kabla hajafa.

Onofre Nahuelquín, aliyenishikia ngazi, akacheka. "Bibi, babu yako alileta tumbo tu. Alikula viazi vya wenzake akaenda kulala."

"Wako alileta nguzo iliyopinda kama wewe," akajibu Bi Edelmira.

Nilizifungua zote. Alama kumi na mbili, na ile ya akina Chiguay, ndege aliyechongwa kwenye mlango wa nyumba ya Bi Edelmira, haikuwemo. Nikaendelea kupima.

Hapakuwa na msumari hata mmoja, vigingi vya mbao tu, na dari ilikuwa na mataruma yaliyopinda kama mbavu za boti. Wajenzi walikuwa waunda boti. Walichokijua ni boti, basi wakaunda boti, wakaigeuza kifudifudi. Siku tatu nilijiuliza: boriti ile ndefu ya juu ni mkuku, uti wa mgongo wa boti, na sisi waunda boti alama ya aliyetoa mkuku huichonga chini, upande unaogusa maji. Boti ikigeuzwa, alama inatazama wapi?

Nikapanda, nikabandua vigae vya mbao kileleni. Ndege alikuwa pale, amelala chali kutazama mvua.

Nikashuka kuwaambia. Jumapili Onofre alisogea kwenye benchi lake la mbele, akaacha nafasi. "Njoo ukae huku, Bibi."

Bi Edelmira alitazama dari, kisha akanigeukia. "Fundi, ule mkuku unafika mpaka huku mlangoni?"

"Unafika."

"Basi mimi niko kwetu. Onofre, njoo ufunge mlango, baridi inaingia."

Onofre akainuka, akaenda kuufunga.