Roboti Iliyofundishwa Salamu

"Huyu ni mutoto wa nani asiye na adabu?"

Sauti ya Mama Chantal ilitoka katika simu yangu, kali kama pilipili, nikajua nimekwisha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeunganisha roboti yangu ya kujibu ujumbe na kundi la mama wauza ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, hapa Kalemie, katika ile programu ya ujumbe wa siri waliyohamia baada ya wanunuzi kujua bei zao kabla hawajazitaja. Niliinunulia roboti namba yake ya simu, kama muntu. Kazi yake ilikuwa kuonya mvua mapema, ndagala walioanikwa mchangani wasiloe.

Mama Chantal, prezidenti wao, aliisalimia vizuri: imelalaje, kwao wazima? Ikamjibu: "Andika MVUA." Lo! Kumwambia hivyo mama mwenye wajukuu!

"Wilfried, muntu asiyesalimia tutamuachaje asikilize siri zetu?" akaniambia. "Siku ya mukutano tunamutoa."

Niliumia sana. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na mama wale wakiikataa, nani tena Kalemie angeniamini? Basi nikaifundisha salamu. Nikaifundisha zote, mjinga mimi: usingizi, watoto, kazi, hata maumivu ya mwili.

Siku iliyofuata wingu zito likainuka ziwani. Mama Chantal akaandika kundini: "Mvua?" Roboti ikaanza: Jambo Mama, umelalaje? Akajibu. Watoto wazima? Akajibu. Na mgongo je?

Yarabi! Nilirukia pikipiki hadi ufukweni. Nikakuta matone yameanza, mama wengine wanakimbia na kucheka, wanavuta turubai juu ya samaki, na Mama Chantal kasimama katikati ya mvua, anairekodia roboti habari za mgongo wake.

"Mama, unisamehe! Ilipaswa kusema mvua kwanza."

"Mvua naiona na macho yangu, mwanangu. Acha nimalize." Akapangusa simu kwa kitenge. "Tangu bwana yangu Papa Edmond afariki, nani ameniuliza nimelalaje, akangoja jibu?"

Nikashika ncha ya turubai, nikavuta.

Siku ya mkutano aliuliza nani anataka roboti itoke. Hakuna aliyeinua mkono. Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini Mama Chantal akaninyooshea kidole.

"Ila mambo ya mvua, Wilfried, utatuambia weye mwenyewe. Huyu umuache, tuko na maongezi."