Aliyemuuguza Pilipili

Mwokaji mikate na jirani yake wa ng'ambo ya barabara hawakuwa wakisalimiana. Jirani huyo naye alikuwa mwokaji, mjane aliyebandikwa jina la Pilipili kwa sababu ya ulimi wake. Ndiye aliyetangaza mtaa mzima kwamba unga wa mwenzake una mavi ya panya. Wateja wakahamia kwake, mwokaji akabaki na mikate ya kulisha kuku.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani, na Pilipili akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Zahanati ilijaa mpaka barazani. Wakamrudisha nyumbani na pakiti za dawa ya kuchanganya na maji. Hakuwa na mtu. Waliopita mlangoni pake walikaza mwendo.

Jumatano, kwenye kikundi cha maombi, mchungaji alisimulia habari za waumini wa kwanza: tauni ilipoikumba miji yao, wenye uwezo walikimbia, wao wakabaki kuwauguza hata waliokuwa wakiwatesa. Watu wakaitikia amina kwa nguvu.

"Mchungaji," mwokaji akauliza, "na Pilipili anauguzwa na nani?"

Mtu akakohoa.

"Mama, zile zilikuwa nyakati zao. Siku hizi kuna wataalamu," mchungaji akajibu.

"Wataalamu wamezidiwa. Na amina nimeshaitoa, siwezi kuimeza tena."

Mumewe alimkuta jikoni akitafuta glavu. "Mke wangu, una wazimu? Huyo huyo aliyetutia njaa?"

"Huyo huyo. Angekuwa rafiki yangu, ningeenda hata bila kwenda kanisani."

Mume alitikisa kichwa, kisha akabandika maji ya kuchemsha.

Pilipili alipomwona alijigeuza ukutani. "Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukunywesha. Kucheka tutacheka ukipona. Fungua mdomo."

Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akamsafisha, akaloweka mashuka kwenye dawa ya kuua vijidudu, akanawa, akaanza upya. Tumbo lake mwenyewe likisokota kidogo tu, moyo ulimpasuka kwa hofu. Kila siku aliogopa, na kila siku alikwenda.

Mtihani mwingine ukamfuata dukani kwake. Mteja wa zamani aliegemea kaunta akanong'ona, "Eti ugonjwa umetoka kwenye mikate ya Pilipili? Sema neno moja tu, wote tunarudi kwako."

Ulimi ulimwasha. "Hapana," akasema. "Umetoka kwenye maji ya kisima. Mikate yake ni safi, tena laini kuliko yangu. Chemsheni maji."

Mteja akaondoka mikono mitupu.

Kesho yake asubuhi mchungaji alisimama mlangoni kwa Pilipili, ndoo mkononi, glavu kazivaa kinyume. Hakutoa hotuba.

"Nianzie wapi?"

"Chooni."

Akaanzia chooni.

Pilipili alipona, amekonda kama ufagio. Siku miguu ilipomkubali, alivuka barabara akaingia dukani kwa mwokaji, watu wamejaa.

"Ile habari ya panya niliitunga mimi," alisema kwa sauti yake ile ile ya kufika mtaa wa tatu. "Sikuona hata mkia." Kisha, bila kumtazama mwokaji: "Ila mkate wako umepungua chumvi."

"Kaa kwanza," mwokaji akamwambia, akimsogezea kiti. "Bado unatetemeka."

Wapo wateja waliorudi, wapo ambao hawakurudi. Wale wanawake wawili siku hizi huagiza unga pamoja, na kuhusu chumvi bado wanabishana.